Pipa la Wenye Majembe

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimevuta nyavu za dagaa Bukima nikiwa sina hata ndevu, nimelala juu ya magunia sokoni, nimeuza ndala kwa kutandika turubai chini, na leo nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi hapa Musoma, mtaa wa Mwisenge, na nyumba ya ghorofa Buhare. Vyote kwa darasa la saba langu hili hili. Kwa hiyo binti yangu aliponionyesha kwenye simu wazungu wanaolipa hela ili watembee siku nzima kwenye mashamba ya zabibu, wanapanda ngazi za mawe, wanashuka, kila kijiji wanaonjeshwa mvinyo, sikushangaa. Niliuliza tu kama watu hao hawana magari.

"Baba, na sisi tunazo ngazi," akaniambia. "Milima ya kule Butiama watu wamejenga makinga maji ya mawe mpaka juu. Na badala ya mvinyo tuna pombe ya ulezi. Kila kijiji wanapikaga ya kwao."

Alikuwa ameacha kazi ya ofisini Mwanza kwa ajili ya jambo hilo. Vijiji vilimruhusu apitishe watu mara moja tu, kwa majaribio. Wenyeji wasipolalamika, atapewa njia. Wakilalamika, basi, atafute kazi nyingine. Nikaona shughuli kubwa hivyo haiwezi kwenda bila mimi. Hakuniomba. Nilijialika.

Tulianza kupanda asubuhi, wageni sita kutoka Mwanza, binti mbele na fimbo yake, mimi nyuma. Mpango ulikuwa tuvuke vijiji viwili bila kusimama sana, tunywe kwenye cha tatu, kwa mama aliyeambiwa atuandalie, halafu tushukie upande wa pili, gari litupeleke Bunda tukale samaki. Njia inapita juu ya kuta zenyewe. Huku ulezi, kule mtama, chini yako shamba la mtu mwingine. Mimi nauza saruji, naijua kazi ya ukuta. Zile kuta hazina hata kijiko cha saruji na zimesimama.

Jua lilipokolea wageni wakaanza kununa. Kulikuwa na bwana mmoja wa kofia nyeupe, amekuja na mke wake.

"Dada, hiyo pombe iko kilima gani?"

"Bado kidogo, kaka."

"Tangu asubuhi bado kidogo!"

Mke wake akasema angejua angebaki Mwanza aangalie tamthilia. Niliona uso wa binti yangu. Anatabasamu, lakini fimbo ameishika kama anataka kuivunja.

Kijiji cha pili akanivuta pembeni. "Baba, hapa tunapita tu. Leo wana kilimo. Naenda juu kuwasalimia wanaolima, wewe kaa na wageni kivulini. Usifanye kitu."

Nikakaa. Lakini harufu ikanifikia. Nyumba ya pili kutoka pale tulipokaa, pombe ya ulezi iliyoiva, harufu ambayo huwezi kuikosea. Nikaenda. Mlangoni amekaa bwana peke yake, anachokonoa meno.

"Karibu, bosi."

"Unauza?"

Akaangalia juu mlimani, akaniangalia mimi, akaangalia mfuko wangu. "Kwa mtu kama wewe, nauza."

Ndani kulikuwa na pipa la plastiki la bluu limejaa. Juu ya mfuniko limelazwa jembe. Kwetu Bukima nao tulikuwaga na mtindo huo. Kikundi kinalima shamba la kila mwenzao kwa zamu, mwenye shamba halipi hela, anapika pombe. Na pombe hiyo haiguswi mpaka kazi iishe na majembe yaoshwe. Nilijua. Ila pipa lilikuwa kubwa, nikahesabu vikombe sita vikitoka haitaonekana. Nikamlipa yule bwana, nikawaita wageni. Jembe nililiondoa mimi mwenyewe.

Wageni walifurahi! Kofia nyeupe akasema sasa ndiyo matembezi. Vikombe sita vikawa kumi na viwili, halafu nikaacha kuhesabu. Majirani wawili wa yule bwana wakatokea, nikawaambia kunyweni, nalipa mimi. Nilipochungulia tena, pipa lilikuwa nusu.

Hapo ndipo wakashuka. Kama watu ishirini, wanawake kwa wanaume, majembe mabegani, udongo mpaka magotini, wanakuja kunywa maji. Wakasimama uani. Hakuna aliyesalimia. Mama mwenye nyumba akaingia, akatoka, akauliza polepole:

"Nani kafungua?"

Mume wake akawa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Usijali, nimelipa."

"Umemlipa nani?"

Nikamwonyesha mume wake.

"Huyo? Huyo hata kuni moja hakubeba. Hiyo pombe ni ya hawa wanaonilimia."

Mama mmoja mnene, ndiye kiongozi wa kikundi, akaweka jembe chini akalikalia. "Mimi langu limechoka," akasema. Mwingine akakaa. Wakakaa wote. Na kutoka pale uani niliona kilichokuwa kinamtisha mwenye nyumba. Ukuta wa ngazi ya juu ulikuwa umebomoka sehemu pana, mawe yamelala shambani, na upande wa ziwani wingu limesimama jeusi. Mvua ikikuta pengo wazi, maji yanabeba ulezi wake wote, yanashuka kwenye mashamba ya wenzake wa chini.

Nikatoa pochi. "Semeni bei. Nikipiga simu sasa hivi zinakuja kreti za bia kutoka Bunda."

"Mzee," kiongozi akasema, "rudisha pochi. Unatuongezea hasira."

Kijana mmoja akainuka na jembe. Nyuma yangu mke wa kofia nyeupe amemshika mume wake mkono. Nimeshazingirwa na watu sokoni mara nyingi, najua wakati wa kelele na wakati wa kimya. Kimya ni kibaya zaidi.

Binti yangu akaja anakimbia. Hakuniangalia. Akapiga goti mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hawa ni watu wako?"

"Ni wangu."

"Njia hii uliomba wewe?"

"Mimi."

"Kwetu anayekunywa amelima."

"Basi watalima, mama."

Kofia nyeupe akaruka. "Mimi nimelipa kutembea! Sijalipa kulima!"

"Nitakurudishia hela yako yote, kaka," binti akamwambia. "Lakini gari liko upande wa pili, na njia inapita hapo hapo shambani."

Mtu akacheka, wa kwanza. "Mpeni jembe jepesi, hiyo mikono ni ya kompyuta!"

Tukapanda. Kofia nyeupe na mke wake walikaa juu ya jiwe, wengine wote walishika kazi. Mimi nilibeba mawe. Daktari ameshanikataza vitu vizito kwa ajili ya presha, na kila jiwe nililoinua niliusikia moyo ukigonga masikioni. Nilipanga jiwe kubwa juu, yule mama akaliangusha kwa mguu.

"Bosi, kubwa linakaa chini. Kwako unajengaga hivyo?"

Nikaliinua, nikaliweka chini. Upepo ulishabadilika. Matone ya kwanza yalitukuta pengo limebaki kama upana wa mlango, na hapo hakuna tena aliyetania. Tuliziba kwa mawe madogo, kwa magunia ya udongo, binti yangu amepiga magoti matopeni anashindilia kwa mikono. Maji yakaja ya kahawia, yakaugonga ukuta, yakapanda kidogo. Mwenye shamba alikuwa amefumba macho. Halafu yakageuka, yakafuata mfereji pembeni.

Tuliporudi uani majembe yakaoshwa. Mwenye nyumba akagawa mwenyewe ile nusu pipa, wakulima kwanza, wageni waliolima wakafuata. Mume wake alimruka. Na mimi alinipita, kikombe kikaenda kwa aliyekaa baada yangu.

Kiongozi akamwambia binti yangu, wote tunasikia: "Hatulalamiki. Njia tunakupa. Ila baba yako abaki Musoma."

"Sawa, mama," akajibu, upesi kuliko nilivyotegemea.

Sasa anapitisha watu kila mwezi, na njia ile mimi naisikia kwa watu. Lakini aliyelipa ni mimi. Zile hela nilizompa mume wa mwenye nyumba hazikurudi. Wiki iliyofuata nilipeleka ulezi na kuni za kupika pipa jingine, na mbuzi wa kikundi. Nikawarudishia kofia nyeupe na mke wake hela yao, nikalipa gari lililosubiri mpaka usiku, na dawa ya mgongo wangu. Jumla shilingi laki nne na elfu saba na mia tano.