Mashine Iliyosikia Kigugumizi Neupgol

Saa mbili asubuhi, kijijini Neupgol, Mwalimu Pyo Geum-sil anasimama nje ya mlango wa darasa lake mwenyewe na kunong'ona kama mwizi. Mbele yake yuko Sol-mi wa darasa la pili, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Sema tena. Taratibu. Sauti isipande wala isishuke, kama wasemavyo Seoul."

"Je, huyu ndiye yule mtoto wa mwanzo?" anasema Sol-mi, sauti imenyooka kama rula.

"Hivyohivyo. Ukiingia ndani, lafudhi ya nyumbani iache hapa mlangoni."

"Na nikipiga chafya, Mwalimu?"

"Piga ya Seoul."

Hakuna anayecheka. Ndani, juu ya meza ya mwalimu, mashine inasubiri. Taa yake ya kijani ikiwaka, inasikiliza.

Ililetwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, pamoja na kishikwambi kwa kila mwanafunzi. Watoto husoma kwa sauti, yenyewe inawasahihisha, inatoa alama na kupeleka taarifa ofisi ya elimu kabla mwalimu hajafuta ubao. Katika hesabu Mwalimu Pyo anaisifu: inajua nani kakwama, na wapi.

"Zamani nilibeba rundo la madaftari mpaka nyumbani," anasema. "Sasa macho yangu yanapumzika. Roho ndiyo haipumziki."

Hofu yake ilianza na picha moja. Sol-mi alionyeshwa mvulana kwenye ukurasa wa mwisho wa hadithi, akataka kujua kama ndiye yule wa ukurasa wa kwanza. Akauliza kama anavyouliza bibi yake, kama tunavyouliza wote huku mkoani Gyeongsang, mbali na Seoul: "Gaga gaga?" Silabi moja mara nne, ikipanda na kushuka, na swali limekamilika: yule ndiye yule?

Mashine ikaandika: kigugumizi.

Mara ya pili mtoto aliuliza hivyohivyo, nayo ikaandika: kigugumizi kikali. Ikiandika mara ya tatu, Sol-mi atahamishiwa shule maalumu mjini, alale hukohuko, arudi Jumamosi. Bibi Ok-rye, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, atabaki na kuku wake.

Mwalimu Pyo alipiga simu ofisini.

"Mwalimu, mashine haina upendeleo," aliambiwa na kijana mwenye adabu. "Tena inajifunza kwa kusikia. Ikisikia vya kutosha, itajirekebisha."

"Haina upendeleo, na haina bibi," alijibu Mwalimu Pyo, baada ya kukata simu.

Anaijua aibu hiyo. Alipokwenda chuo cha ualimu, darasa zima liliangua kicheko siku aliyofungua mdomo na lafudhi ya kwao ikatoka. Alinyamaza karibu muhula mzima, akaunyoa ulimi wake mpaka ukapendeza. Sasa yeye ndiye kinyozi.

Taa ya kijani inawaka. Sol-mi anasoma. Picha inatokea. Mtoto anafungua mdomo, anaufunga, anamtazama mwalimu. Mwalimu anatazama sakafu.

"Je, huyu ndiye yule mtoto wa mwanzo?"

"Vizuri sana!" inasema mashine kwa sauti ya mwanamke wa Seoul aliyekunywa asali. "Matamshi hayana dosari."

Mwalimu Pyo anatafuta kiti.

Kesho yake, watoto wakiwa wameondoka, Bibi Ok-rye anaingia darasani na matunda ya persimoni yaliyokaushwa, kayafunga kwenye gazeti. Hayatoi.

"Weye Mwalimu, umeninyang'anya mjukuu."

"Bibi, mtoto kafaulu..."

"Kafaulu nini? Jana kaja kwangu mgeni! Ati, 'Bibi, naomba unipatie chumvi.' Unipatie! Nikakimbilia kuvaa soksi, nikidhani kaja mkaguzi."

Mwalimu anajaribu kucheka. Bibi hacheki.

"Nikamuuliza, tangu lini chumvi ikaombwa humu ndani? Akalia. Unajua kafanya nini? Kalifunika sufuria la umeme kwa blanketi langu."

"Sufuria?"

"Si linasema, kwa sauti ya kike, wali umeiva? Kasema ni yule yule mwanamke wa shuleni. Ati tukisema ya nyumbani atasikia, amchukue. Sasa nyumba nzima tunanong'ona. Hata kuku nawafukuza kwa mkono tu."

Mwalimu Pyo anamvutia Bibi kiti. Alikuwa akiiogopa mashine; sasa anaogopa alichokifanya yeye.

Kisha anakumbuka maneno ya yule kijana wa ofisini: ikisikia vya kutosha, itajirekebisha. Jumatatu ijayo, anasema, ataita mabibi wote wa Neupgol waje wasome darasani, kwa sauti, kwa ndimi zao, mbele ya taa ya kijani. Sol-mi atakaa katikati yao na kuuliza apendavyo.

"Isikie mpaka ishibe," anasema. Anashusha sauti. "Lakini Bibi, ikituandika sote kigugumizi?"

Bibi Ok-rye anafungua gazeti hatimaye, anamsogezea persimoni moja.

"Basi tutapakiwa kijiji kizima kwenye basi moja, twende shule maalumu na mtoto wetu. Mimi nakaa dirishani."

Mwalimu Pyo anacheka kwa sauti, kicheko cha kwao. Kisha ghafla anageuka, kutazama mezani kama taa ya kijani imewaka.