Swali la Mama

Juzi binti yangu alinisomea kazi yake ya shule: swali la balagha ni swali lisilongoja jibu. Nikakumbuka alasiri ile tulipotoka kumzika baba. Nyumba yetu ya Kaloleni ilinuka moshi na chai iliyoungulia, na upepo ulirusha mchanga juu ya mabati. Mama alikaa mkekani katikati ya wanawake, akilia, “Baba Mwakio, umeniacha na nani?”

Aliuliza tena na tena, na wote waliinamisha vichwa tu. Nilidhani hawajui. Mwakio ni mimi, kwa hiyo nikainua mkono kama darasani.

“Na mimi, mama.”

Mama alinitazama, kisha akalia kuliko mwanzo. Nikaushusha mkono polepole, nikijua nimekosea.