Aliyeitikia Shikamoo ya Bibi

Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yake sipendi kuyakumbuka, lakini ndoto sijawahi kuishiwa. Kwa hiyo vijana wa mradi mmoja walipopanga ukumbi jirani na kibanda changu cha chai hapa Mbinga mjini, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuchungulia dirishani.

Walikuja na miwani nzito inayofunika uso mzima. Ukiivaa unajikuta umesimama ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mchanga mbele yako, nyumba, miti, mitumbwi, dagaa wa usipa walioanikwa kwenye vichanja. Hushiki kitu. Unasema tu kwa mdomo, tena kwa Kiswahili, "nenda mbele" au "geuka kulia", nayo inakupeleka. Vijijini kote walikuwa wamepiga picha kwa ndege ndogo isiyo na rubani, wapate kuwafundishia vijana wa kutembeza wageni. Siku niliyoivaa nilisema "ruka", nikaruka juu ya ziwa kama ndege. Niliporudi duniani chapati zilikuwa mkaa.

Usiku ule ule nilimfikiria bibi yangu, anayemzaa mama. Yeye ni mzaliwa wa ufukweni, akaolewa huku juu kwenye kahawa akiwa binti. Tangu alipoanguka akavunjika nyonga, miaka mitatu sasa, hajashuka Nyasa, maana zile kona za barabarani haziwezi tena. Alichokuwa anakitaka ni kimoja, na nyumbani hakuna asiyekijua: kusimama kwenye kaburi la mama yake amsalimie, kabla naye hajaitwa. Mdogo wake, ambaye mimi namwita babu mdogo, amebaki kule kule kijijini. Kila sikukuu humpigia simu na kumwambia atulie, kaburi wamelipalilia na ni safi.

Niliwabembeleza vijana wale kwa chai ya bure hadi wakakubali. Jumamosi asubuhi nikamleta Bibi kwa bajaji. Aliyekuwa anaendesha mitambo, kijana mpole kutoka Dar es Salaam, akampa shikamoo, akamvika miwani, akamwambia mashine haijui Kinyasa, aiambie kwa Kiswahili tu anakotaka kwenda. Sisi tuliona kwenye kompyuta kila alichokiona yeye.

Bibi akasema, "Shuka."

Yaani hapo hapo akaingia ardhini. Mchanga ulimpanda mpaka usawa wa macho. Aliukamata mkono wangu, akauliza taratibu kama ndiyo tayari tunamzika. Kijana alihangaika na kompyuta, akamtoa, akamweleza kwamba kwa mashine kushuka ni kwenda chini.

"Kwani wewe ziwani unakwendaje, baba?" Bibi akamuuliza. "Unapanda?"

Tulicheka. Kwetu kwenda upande wa ziwa ni kushuka, hata kama njia ni tambarare kama meza, na mgeni angejuaje? Basi Bibi akajifunza kusema "mbele".

Na kweli akaenda. Mbele, mbele, kushoto kidogo. Alikuwa ananitajia nyumba kabla hazijatokea kwenye kioo: hapa kwa fundi mitumbwi, hapa kisima cha kanisa. Nazo zinatokea. Akafika kanisani, akasema kaburi liko nyuma yake, chini ya mkorosho, hatua kama thelathini. "Mbele."

Tukaona maji.

Akarudia, "Mbele." Maji matupu, huku na huku. Nilidhani mashine imemzamisha tena, nikamwambia kijana airekebishe upesi kabla Bibi hajaogopa. Yeye aliangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akainama karibu na sikio langu.

"Dada, haijakosea. Picha hizi ni za mwaka huu. Ziwa limepanda."

Mkorosho ulikuwepo, umekauka, umesimama peke yake majini. Nikawakumbuka wote waliokwenda kule na kurudi bila kusema kitu, mama yangu akiwa mmoja wao. Kumbe kila sikukuu babu mdogo alikuwa anapalilia maji.

Bibi naye alikuwa ameuona mti. Nilitamani nimvue ile miwani.

"Simama," akaiambia mashine. Ikasimama. Bibi akapiga goti kwa shida, pale pale kwenye sakafu ya ukumbi, mimi nimemshika kwapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," ikajibu sauti ya mwanamke.

Kijana wa watu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye alinieleza kwamba waliifundisha mashine kuitikia kila salamu ili isionekane haina adabu, na hakuna aliyewaza kwamba mzee anaweza kuiamkia.

Bibi akageuza uso kunifuata niliko, macho yake yamefichwa na lile dude jeusi. "Nani ameitikia?"

Ningeweza kunyamaza. Moyo wangu ni mwepesi, mtu akilia nalia naye, na neno moja tu la uongo lingemtosha kufa nalo kwa amani. Lakini alikuwa ameshadanganywa na ndugu wote kwa kuhurumiwa.

"Ni mashine, bibi."

"Najua," akasema. "Mama yangu alikuwa hajui Kiswahili."

Kisha akaendelea kuongea na ule mti, sasa kwa Kinyasa, bila haraka. Mashine ikawa inasema haijaelewa, arudie tafadhali. Bibi, kwa heshima zake, akawa anarudia. Mimi nililia wazi wazi, sikujificha.

Tulipomvua miwani akaomba simu. Nikampigia babu mdogo. Alianza kwa uchangamfu kuuliza habari za huku juu. Bibi akamkatiza.

"Mdogo wangu, nimepaona. Usipalilie tena. Niambie maji yamefika wapi."

Babu mdogo akaanza kutaja nyumba zilizomezwa na maji, moja moja, kutoka kanisani kwenda kusini, na Bibi anaitikia kila moja, "Ehe. Na kwa nani tena?"