Benchi la Miguu Chini ya Dirisha la Shule

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni, pini na mguu wa mtoto aliyekuwa anapiga mateke. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa. Shwesta Mkubwa, ndivyo tulivyomwita yule muuguzi wa Kijerumani aliyesimamia nyumba ya watoto wagonjwa ya misheni, chini ya mlima Meru, alinionyesha kigoda akasema, "Kaa. Osha. Toa." Kiswahili chake kilikuwa kifupi, lakini kila neno lilikuwa amri. Nikakaa, nikaosha, nikatoa. Hadi jioni nilikuwa nimepigwa teke la pua na nguo imelowa, ila yule mtoto aliyeletwa mgongoni aliondoka anatembea. Nikajisemea, hii kazi naiweza.

Ninyi wajukuu mnacheka mkisikia bibi yenu alikuwa mtoa funza. Chekeni. Wakati wa Mjerumani funza hakuwa mchezo. Alikuwa mdudu mgeni, wazee wetu hawakukua naye, kwa hiyo hata dawa yake hawakuwa nayo. Ni kiroboto mdogo kama chembe ya vumbi. Jike huingia chini ya ukucha au kisiginoni, hujichimbia, kisha tumbo lake hujaa mayai mpaka hulingana na punje ya mtama. Tumbo hilo tuliliita kifuko, na ufundi wote uko hapo: kifuko kitoke kizima. Ukikipasua ndani, kidonda kinaoza. Unaloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye dawa ya zambarau, unapaka mafuta ya nyonyo ngozi ilainike, unapitisha pini motoni, halafu unazunguka ukingo wa kidonda polepole, bila papara. Kifuko unakitupa kwenye makaa, kinalia pa! Watoto walipenda mlio ule kuliko asali.

Baada ya muda Shwesta alinihamishia magharibi ya mlima, kwa Waarusha. Misheni ilikuwa na shule kule, lakini hospitali hakuna. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka maboma na kutazama miguu. Mkuu wa shule alikuwa Bwana Mwalimu, Mchagga aliyesomeshwa kwao Kilimanjaro, mtu wa viatu vinavyong'aa. Sheria yake ilikuwa hii: mwenye funza haingii darasani. Kila asubuhi aliwapanga watoto mstari, akakagua miguu, akawafukuza wenye vidonda. "Rudi ukiwa safi!"

Sasa mtoto arudi nyumbani akafanye nini? Nyumbani ndiko funza anakoishi, kwenye vumbi la sakafu wanapolala watu na ndama pamoja. Mtoto anaondoka na kidole kimoja kibovu, anarudi na mguu mzima. Wengi hawakurudi kabisa.

Huko mabomani ndiko nilikomkuta Nasieku. Alikuwa binti mdogo, meno ya mbele yameng'oka, analelewa na bibi yake kwa sababu mama yake alikuwa amefariki. Nilimwona anafukuza kuku uani kwa magoti na viwiko. Nyayo zake zilikuwa na matundu kama sega la nyuki. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi kifundoni, na ulinuka.

Nikamwita Shwesta. Alikuja, akautazama, akanivuta pembeni. "Ukiachwa hivi, Bwana Mganga ataukata." Bwana Mganga alikuwa daktari wa serikali pale Arusha mjini, na kisu chake kilijulikana. "Aje hospitali leo."

Bibi yake, ambaye wote tulimwita Koko kama Waarusha wanavyowaita bibi zao, alisimama mlangoni na fimbo. "Mtoto wangu halali kwa wageni," akasema. Na hospitali ilikuwa mwendo wa kutwa, huwezi kwenda na kurudi kila siku. Shule ndiyo iliyokuwa karibu, unavuka mto tu.

Shwesta akaenda kwa Bwana Mwalimu, mimi nyuma na beseni langu.

"Shwesta, hapa ni shule," akasema Bwana Mwalimu. "Wagonjwa ni wako."

"Wanafunzi wako ndio wagonjwa wangu."

"Watawaambukiza wenzao."

Shwesta akachungulia darasani. "Mabenchi mengi hayana watu."

Bwana Mwalimu akakohoa.

"Nipe moja lililo tupu."

Mwalimu alitazama mabenchi yake, akatazama viatu vyake. "Moja tu. Likae nje. Na kelele zikizidi namfukuza huyu Mmeru wako na pini zake."

"Nami nitaondoka na benchi," nikamjibu. Akacheka, akashika upande mmoja, mimi nikashika mwingine, tukaliweka chini ya dirisha. Hapo ndipo hospitali na shule vilipoanza kazi pamoja. Mtoto alikaa pale, mguu wake kwangu, masikio yake darasani. Mwalimu akiuliza swali ndani, mara nyingine jibu lilitokea dirishani, na mimi mwenyewe herufi nilizipatia hapo hapo.

Lakini Nasieku hakuja. Nikarudi bomani.

"Takwenya, Koko," nikamwamkia kwa lugha yao.

"Iko," akaitikia. "Umerudi tena, mtoto wa Kimeru? Kwenu ndizi zimekwisha?"

"Zipo tele, Koko. Nimemfuata Nasieku."

"Utamfanya nini, na vidole vyako vya kumenya ndizi?"

Muda wote huo hakusogea pale mlangoni. Ngozi aliyovaa ilifika chini kabisa, lakini nikaona anavyosimama, uzito wote kwenye fimbo na kingo za miguu. Kazi hii inakufundisha kutazama watu kuanzia chini.

"Koko, kaa. Nianze na wewe."

Akaikaza fimbo yake. Nasieku ndiye aliyesema, amekaa vumbini: "Mwonyeshe, Koko. Mimi nakutoa funza kwa mwiba, lakini siwamalizi."

"Funga mdomo!"

Ila alikaa. Miguu yake ilikuwa mibaya kuliko ya mtoto. Mama yule mwenye heshima zake, ambaye watu walimpisha njiani, aliona afadhali afie ndani kuliko miguu yake isemwe mtoni. Ndiyo sababu alimficha mtoto pia: ukimwona Nasieku, utauliza bibi anayelala naye sakafu moja ana miguu gani. Nikaupakata mguu wake nikafanya kazi.

"Ukinitangaza, wewe..."

"Nitangaze nini, Koko? Nimekuja kuomba maziwa tu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimtunzia siri yake mpaka alipozikwa, na miaka mingi baadaye.

Kesho yake asubuhi punda alivuka mto, Nasieku juu yake, Koko nyuma. Ikawa hivyo kila siku. Nyumbani Koko alimwagia vumbi maji, akasiriba sakafu, akawatoa ndama nje. Bwana Mganga alipopita, aliubonyeza ule mguu, akaunusa, akafunga mkoba wake bila kutoa kisu. Kidole kidogo hakikupona, kilikatika. Mguu ulibaki.

Kisha asubuhi moja Nasieku alimwacha punda ng'ambo akavuka mto kwa miguu yake. Akalipita benchi langu bila kukaa, akajipanga mstarini.

Bwana Mwalimu akakagua. "Kidole kimoja hakipo."

"Vilivyopo ni visafi, Bwana Mwalimu."

"Ingia."

Vita ikaja, Wajerumani wakaondoka, benchi likawa kuni. Mimi nikaendelea na pini yangu, upande wa pili wa mlima kule Momela, halafu zahanati za Mwingereza, mpaka mgongo ukakataa kuinama. Sijutii hata siku moja. Mjukuu wangu muuguzi ananiambia sasa hospitali yao ya watoto na chuo kikuu vimeshikana mikono kwa ajili ya afya ya vijana, na anasema kama jambo lililozaliwa jana. Vizuri. Ninachowaomba ni kimoja: msimwambie mtoto aende akapone kwanza ndipo aje. Mpeni pa kukaa, kisha anzeni kazi.

Nasieku bado hunitembelea. Sasa naye ni koko, ana wajukuu. Anakaa, anakunywa chai, anavua kiatu, ananiwekea mguu mapajani.

"Angalia."

Macho yangu hayaoni tena. Napitisha kidole gumba, kisigino, unyayo, vidole kimoja kimoja mpaka pale pasipo na kitu.

"Safi," namwambia.

"Najua," anasema, na mguu hauondoi.