Sauti ya Msuli wa Jirani

Habari za wasomi msinihadithie mimi. Mmoja nimemlea mwenyewe, nyumbani kwangu, kati ya cherehani na kabati la vitambaa. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, na mpaka leo, na mvi zake zote, ananiita Mama Mdogo.

Kazi yake ni kuchunguza jinsi ubongo unavyoiamrisha misuli. Tangu utotoni alikuwa na udadisi wa kukera. Mteja anapimwa nguo, yeye kachuchumaa chini anamkodolea macho vigimbi. "Mama Mdogo, mbona kabla hajanyanyua mkono, mguu unakaza kwanza?" Mimi pini zimejaa mdomoni, nitamjibu nini?

Alisoma wee, mwisho chuo kikampa chumba nyuma ya jengo la kufulia nguo la hospitali: kitanda kimoja, kompyuta, na mashine ya nyaya nyingi yenye spika ndogo. Ukibandikwa nyaya kwenye ngozi ukakunja mkono, spika inachakarika kama mafuta kikaangoni. Ndiyo msuli unaongea hivyo. Ukoo mzima tulibandikwa! Mimi nilinyolewa vinyweleo mara nyingi mpaka mkono ukawa laini kama wa bibi harusi. Majirani wakampachika jina Bi Waya.

Basi, akaja dereva mmoja wa lori aliyeumia shingo. Kiwiko aliweza kukikunja, kiganja kukigeuza, ila vidole vililala tu. Bi Waya akabandika nyaya juu ya msuli wa vidole, akamwambia, "Jaribu kukunja ngumi." Vidole havikusogea, lakini spika ikachakarika. Maana yake amri ya ubongo bado inafika! Dereva alilia kwa furaha. Chuo nacho kikachangamka, na mkuu wa idara akaanza kumwita Profesa hata kabla ya kupewa cheo. Ikapangwa siku ya kutangaza matokeo mbele ya wageni.

Siku hiyo ilipokaribia, Bi Waya, bila kuulizwa na mtu, akachukua sindano nyembamba yenye waya akaiingiza ndani kabisa ya msuli ule. Kimya. Akarudia. Kimya. Kumbe ile sauti ilikuwa ya msuli wa jirani, ule unaogeuza kiganja, imepenya mpaka kwenye nyaya za juu, kama redio ya nyumba ya pili inavyosikika chumbani kwako.

Alikuja kwangu uso umemshuka.

"Mama Mdogo, nimempa yule mtu matumaini ya uongo."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Ukisema, cheo je?"

"Ndiyo basi tena." Akanitazama. "Kwani wewe mshono ukikupinda, unamwambia mteja umenyooka?"

Mtoto huyu! Nikasonya, nikamwambia akaseme, ila aanze na dereva.

Nilimsindikiza. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, akageuzia uso ukutani. "Nenda, daktari. Leo sitaki kukuona."

Siku ya wageni ilipofika alisimama ukumbini akasema, "Nilikosea," akawaonyesha palepale alipokosea. Mkuu wa idara akainamia simu yake. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa gauni nililojishonea, nikapiga makofi peke yangu mpaka wengine wakaona haya wakanifuata. Uprofesa alipewa mwingine. Mimi sikuwahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia yeye siku ile.

Miaka iliyofuata alihangaika na jambo moja tu: kutenganisha sauti ya msuli wenyewe na ya jirani. Wenzake walimcheka eti anafukuza redio. Halafu wapasuaji wa hospitali wakaanza kuhamisha mishipa ya fahamu: wanakata tawi la mshipa wa msuli mzima, wanaliunga kwenye msuli uliolala. Sasa nani wa kuwaambia kama limeshika kweli? "Mleteni yule aliyesema amekosea," wakasema. Nilivimba kichwa, sifichi!

Dereva alikuwa mmoja wa waliopasuliwa. Siku ya kupimwa nilikuwepo, nimempelekea binti yangu huyu koti lake jeupe nililolipunguza mikono. Sindano ikaingia.

"Jaribu kukunja ngumi, kaka."

Tukasubiri. Spika ikatoa mchakariko mmoja. Halafu mwingine, dhaifu, halafu mingi.

Safari hii dereva hakulia. Alimkazia macho. "Ya jirani hiyo, daktari?"

Bi Waya aliichomoa sindano, akaiingiza pengine kwenye msuli uleule, akasikiliza. Akaupima na ule wa jirani. Akarudi tena kwenye wa vidole, akasikiliza. Ndipo akamwekea mkono begani.

"Si ya jirani, kaka. Ni yako."

Naye akamwamini papo hapo.