Umeme wa Treni Ambazo Hazijafika

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani nimepelekwa chumba cha michezo ya watoto. Nilikuwa nimeajiriwa kama fundi umeme katika chuo cha mafunzo ya reli hapa Dodoma. Msimamizi wa Karakana akanifungulia ukumbi uliojaa meza, na juu ya meza hizo reli ndogo, stesheni za mbao na treni zisizozidi urefu wa mkono.

"Usicheke, binti," akaniambia. "Humu ndimo wakuu wa stesheni wanamogonganisha treni bila kuua mtu."

Basi sikucheka. Wanafunzi walijifunza pale kupishanisha treni kwenye njia moja kabla ya kukabidhiwa stesheni zenye abiria wa kweli. Nikaupenda ukumbi ule kuliko mahali pengine popote nilipowahi kufanya kazi.

Tatizo ni kwamba reli ile ya mezani haikuacha kukua. Ilianzia Dodoma, ikafika Bahi, ikafika Saranda penye mlima, lakini transfoma iliyoilisha umeme ilibaki ileile ya enzi za treni moja. Treni zikifika Saranda zilichoka, na taa za stesheni zikafifia.

Msimamizi alikuwa ameendesha treni miaka mingi, na kwa madereva dawa ya mlima ni moja tu: kuongeza kichwa. Treni nzito ikishindwa kupanda, unaiunganishia injini ya pili. Naye akafanya hivyohivyo mezani. Treni ikasogea kidogo, kisha kila kitu ukumbini kikazima. Akaleta kichwa cha tatu. Nikamwacha, maana mkubwa ukimkatiza mapema hakusikii. Alipochoka nikamweleza kwamba vichwa alivyoviendesha yeye kila kimoja kilibeba mafuta yake, lakini hivi vyote vinakunywa kwenye mtungi mmoja. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mkuu wa Chuo hakucheka. Alitupa muda hadi mtihani wa muhula: reli isipopitisha ratiba nzima, meza zingevunjwa na ukumbi ukawa wa kompyuta. Nilikosa usingizi. Walimu wengine walishauri tuongeze volti, nikakataa. Volti ni msukumo wa umeme, na ukiuzidisha unaunguza mota. Tulichokosa ni ampea, yaani wingi wake. Nikajumlisha mahitaji ya kila treni, taa na mota za kubadilishia njia, kisha nikaomba transfoma ya volti zilezile, yenye ampea maradufu ya jumla hiyo.

"Treni tunazo tatu," Mkuu akasema. "Kwa nini unaomba umeme wa sita?"

"Mkuu, tangu nije sijaona mwaka ukipita bila stesheni na treni kuongezwa. Hizo nyingine ziko njiani."

Akachukua kalamu, akaidhinisha ombi langu.

Transfoma ilipofika, nilipitisha nyaya nene chini ya meza hadi Saranda, kwa kuwa umeme hupungua ukisafiri mbali kwenye chuma chembamba cha reli. Nikaigawa reli vipande, kila kipande na fyuzi yake, ili hitilafu ya kimoja isiwe msiba wa vyote. Kwenye boksi la fyuzi nikaacha nafasi tupu. Mafundi wenzangu walinitania kwamba nimejenga nyumba ya wageni isiyo na wageni.

Siku ya mtihani treni zilipishana Bahi vizuri, halafu ya mizigo ikaukabili mlima wa Saranda. Ikapanda taratibu kwa kichwa kimoja, na taa hazikutetereka. Msimamizi alikuwa amesimama kando na kichwa cha akiba mkononi, hajui akiweke wapi. Meza hazikuvunjwa.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Makole hapahapa Dodoma, na nikisikia honi ya treni bado nageuka. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini kwenye umeme nawaambia vijana kujibana nako hakuna baraka. Pimeni mnachotumia leo, kisha muiachie kesho nafasi.

Juzi chuo kilinialika. Reli ya umeme ya siku hizi nayo imeingia mezani, na zile nafasi zangu zote zimejaa. Mwanamke aliyeshika kazi yangu akanisalimu shikamoo, akanionyesha transfoma mpya na boksi jipya la fyuzi. Nusu yake ilikuwa tupu. Nikamuuliza nafasi zote hizo ni za nini.

"Za treni ambazo hazijafika, Mama."

Nikainama nikajifanya nakagua nyaya, maana machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha.