Mumiani Amekunywa Betri

Habari hii nimeificha miaka mingi, na hata sasa nikiisimulia masikio yanapata moto, lakini mama mkwe wangu huisimulia mpaka Koboko, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu.

Miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Onduparaka, umeme wa mji haukutufikia, ila mume wangu akaleta televisheni ndogo ya kumeza kaseti, inayotumia betri ya gari. Fundi Alionzi, aliyeifunga, akanionya: ukizima kwa rimoti na taa nyekundu ikabaki, huyo ni mumiani (yule mnyonya damu tuliyetishiwa naye utotoni), anainyonya betri kidogo kidogo, chomoa waya. Nilisikia vizuri kabisa. Lakini ile taa ilipendeza, na jirani akichungulia dirishani aione, basi nikaiacha siku tatu.

Jumamosi mchana mama mkwe akaja na lori la mihogo, mguu wake mbovu umefungwa kitambaa. Alifuata kitu kimoja tu: binti yake wa mwisho aliolewa Kampala, mguu ukamzuia kwenda, na kaseti ya harusi ilikuwa kwangu. Mimi nami (kiherehere changu) nilikuwa nimealika mtaa mzima. Wanawake wakajaa mkekani, nikabonyeza, bibi harusi akatokea mlangoni, uso bado umefunikwa, picha ikasinyaa ikawa nukta, ikazimika.

Nikabonyeza tena, nikaipigapiga, jasho likanitoka, nikapayuka: "Mama, mumiani amekunywa yote!"

Waliokuwa nje walisikia neno moja tu. Mara mwanamume mmoja akaingia na mchi, mwingine akauliza nani amenyonywa, na kwa kuwa kuna aliyesema mumiani aliletwa na Fundi Alionzi, fundi wa watu akakamatwa shati barabarani, akaletwa mlangoni kwangu. Ikabidi aeleze mbele ya wote kwamba mumiani ni taa, na kwamba nilionywa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikakimbilia jikoni, nikalia.

Mama mkwe akanifuata akichechemea. Nikajua nimekwisha. Akakaa kwenye kigoda, akaniuliza taratibu kama mimi nilikuwa kule kwa harusi. Nikasema nilikuwa.

"Basi sema. Mutoto yangu ilivaa nini?"

Nikamweleza kitambaa cha kijani, hina mpaka viwikoni, na jinsi binti alivyogoma kutoka chumbani kwa sababu mama yake hayupo, mpaka nilipomshika mkono tukatoka pamoja.

Kisha akauchukua mkono wangu, umejaa majivu ya jikoni, akauangalia.

"Ni hii?"

"Ni huo, Mama."

Akauweka shavuni pake, akakaa nao.

Jumatatu betri ilichajiwa, tukaitazama kaseti yote. Akasema ni nzuri, lakini ile ya mkono haimo. Tangu hapo nimeapa: mgeni akija kwangu, nitakaa naye nimsimulie kwa mdomo wangu kwanza, mashine itasubiri.